Kioo Kilichofunikwa Kanga

Hina iliyokandwa kwa ndimu na tone la mafuta ya karafuu ina harufu moja tu, na nyinyi wenzangu mnaijua: ni harufu ya nyumba yenye shughuli. Siku ile nilikuwa nimekaa jikoni kwa mwanangu Rehema, ghorofani Hillbrow, mjini Joburg, bakuli mapajani, nakanda hina ya mikono ya mjukuu wangu Zulfa. Kesho yake wanawake wa upande wa mume walikuwa wanakuja kumwona. Chini barabarani teksi zinapigiana honi, lifti imekufa tena, jirani anakaanga samaki wa chumvi mpaka macho yanawasha. Yote hayo yapo, lakini hina iliyafunika. Nikavuta pumzi, na mara sikuwa Hillbrow tena. Nilikuwa Ngamiani, Tanga, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, nimesimama chumbani mwa mama mbele ya kioo kilichofunikwa kanga.

Kioo chenyewe kilikuwa cha kabati, kirefu kuliko mimi, na kabati lilikuwa kazi ya mikono ya baba. Baba alikuwa seremala, Mbaruku jina lake, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Mama yangu, Mwanaidi, alikuwa na kicheko kikubwa kuliko umbo lake. Akicheka ndani, huko uani baba huacha nyundo hewani akasema, "Mwanaidi, utanipindishia misumari!" Mama akazidi kucheka.

Baba alipofariki, kitu cha kwanza nilichomwona Somo Kibibi akifanya ni kuchukua kanga na kukifunika kile kioo. Somo Kibibi alikuwa kungwi wa mama, ndiye aliyemfunda tangu alipovunja ungo, na nyumbani kwetu neno lake likitoka halirudi. Mama akakaa eda. Hakutoka, hakujifukiza udi, hakutia hina, hakujitazama. Nyinyi mnazijua hizo desturi, lakini mimi hakuna aliyekaa chini akanieleza. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba baba alitoka mlangoni amebebwa, na jioni ileile kioo kikavishwa nguo. Akili yangu ya kitoto ikajumlisha yenyewe: hawakumzika. Wamemrudisha kwa mlango wa uani, wakamtia humo ndani ya kioo alichokipigilia kwa mkono wake, na ile kanga ni ya kumsitiri.

Basi kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilikwenda pale nikasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba." Halafu nikangoja. Kuinua kanga sikuthubutu, maana Somo Kibibi alishasema atakayeigusa atamkoma.

Na nywele za mama nazo zikaanza kunitisha. Kwao huota mvi mapema, lakini sisi watoto hatukujua, kwa sababu alikuwa akizipaka. Sasa eda imemzuia, weupe ukashuka kichwani kama jivu linavyoshuka juu ya nguo zilizoanikwa karibu na jiko. Na kile kicheko hakikusikika tena hata siku moja. Wanawake walikuja kukaa naye, majina yao ninayo yote mpaka leo: Mwanahamisi binti Kheri, Mama Siwa, Zaina mshona kofia, na Bi Tatu wa nyumba ya pili, mwenye ulimi mkali kuliko wembe. Walikaa, wakasema, wakaondoka. Mama aliwatazama tu.

Hapo ndipo nilipokuwa, Ngamiani, Zulfa aliponirudisha Hillbrow kwa ukelele kutoka bafuni.

"Bibi! Bibi, usiingie! Bibi, njoo!"

Sikujua nishike lipi, nikaingia. Mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, taulo mabegani, machozi yanamtoka. Karibu naye alisimama Thandeka, shoga yake wa ghorofa ya chini, glavu mikononi na uso wa mtu aliyemwaga mchuzi wa wageni. Nikatazama kichwa. Subhanallah! Karibu na ngozi nywele zilikuwa njano kama bizari. Katikati chungwa. Ncha zake nyeusi kama zilivyozaliwa, na kisogoni madoadoa, hapa limeshika, hapa halikushika.

"Umefanyaje, mwanangu?"

"Nilitaka rangi ya asali, Bibi. Ya kesho. Sisi tumefuata kila kitu kwa simu. Eish, Bibi, kila kitu!" Kiswahili cha Zulfa ni cha mtoto aliyezaliwa Joburg, akilia kinazidi kupotea.

Balaa lingekuwa hilo tu, tungelimeza wenyewe. Lakini alikuwa amempelekea picha binamu yake Asha amsaidie mawazo, na Asha, Mungu amsamehe na vidole vyake vinene, akaibonyeza ikaenda kwenye kundi la harusi. Kabla hatujajua tufanye nini, simu ikalia, ikaja sauti ya Bi Mgeni. Bi Mgeni ni shangazi wa bwana harusi, Mzanzibari anayekaa Midrand, mwanamke wa dhahabu masikioni na vijembe mdomoni. Kwa desturi yetu yeye ndiye angemfunua bibi harusi mbele ya wanawake wote.

"Maashallah," sauti ikasema, na nyuma yake nikasikia wengine wanajizuia kucheka. "Sisi tuliposa binti, kumbe tumepewa pundamilia. Basi kesho kichwa kiwe wazi. Wigi hatutaki, mtandio hatutaki. Tuone tulichokiposa."

Zulfa akaizima simu. "Kesho mimi sitoki. Waambie niko mgonjwa. Waambie hakuna harusi, basi."

Nyinyi mnajua uzito wa neno lile. Bibi harusi asipotoka siku ya kuonwa, maneno humtangulia kila nyumba atakayoingia, na watoto wake huyakuta. Nikanawa hina mikononi. Rehema alikuwa Kensington, anapamba ukumbi, sikutaka kumpigia. Nikamfunga mtoto kilemba, nikamwambia Thandeka atutangulie, tukashuka ngazi zote zile, magoti yangu yakilalamika, hadi saluni ya Mama Furaha pembeni ya spaza, duka dogo la mtaani.

Mama Furaha ni Mkongo wa Bukavu, mama mpana, mkono mwepesi. Akavuta pazia, akafungua kilemba, akakigeuza kichwa huku na huku. Halafu akanigeukia, akaniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Koko, uyu mutoto balimupakaa ao balimupika?"

Hata Thandeka asiyejua neno alicheka. Zulfa hakucheka.

Mama Furaha akakata kinywele kidogo nyuma ya sikio, akakitia kwenye kibakuli cha rangi, akakivuta, akakitazama kwenye mwanga wa mlangoni. "Nguvu ingali, Mungu anasaidia," akasema. "Uku chini njo imekuwa njano sana juu ya joto ya kichwa yenye inaharakisha dawa. Sasa nikiweka kahawia juu ya iyi njano, kesho kichwa itakuwa kama majani. Tumurudishie kwanza wekundu yenye blichi ilikula. Kisha njo kahawia. Ni mara mbili, haina njia ya mukato."

Akaanza. Brashi yake ilikuwa haigusi penye weusi, inapita penye njaa tu, kipande kwa kipande, kama mtu anayetia viraka. Akangoja, akaosha, akamfunga taulo, akaenda nyuma kuchanganya ya pili.

Laiti Zulfa angetulia. Lakini mtoto wa siku hizi kioo anacho mfukoni. Akaitoa simu chini ya kitambaa cha saluni alichofungwa shingoni, akajifunua taulo, akajitazama. Na kweli, wenzangu, sitasema uongo: ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Vile viraka vya njano sasa vilikuwa vyekundu kama nyanya, na weusi umebaki weusi.

"Imekuwa mbaya zaidi! Bibi, ameniharibu!" Akasimama, akakirarua kile kitambaa, akashika mlango.

"Toka," Mama Furaha akasema kutoka nyuma, wala hakuinua sauti. "Ukitoka na iyo kichwa, gari zote zitasimama kwa robot, iyi taa ya barabara, hata kama iko ya kijani."

Nikamshika Zulfa mkono. Na kwa kuwa hina ilikuwa bado inanuka kwenye kucha zangu, yale ya Ngamiani yakanijia yote, mpaka mwisho. Nikamwambia, "Kaa. Nikuambie habari ya mama yangu, halafu ukitaka kutoka, utatoka."

Akakaa nusu kiti. Nikamsimulia kama ninavyowasimulia nyinyi.

Siku ya mama kutoka eda, Somo Kibibi alikuja asubuhi na kapu lake. Akamwogesha mama, akampaka hina kichwa kizima, akamkalisha kwenye kigoda chumbani, mgongo umeelekea kabati. Hina ilipooshwa, Somo akatoka uani kukoroga nili, ule unga wa majani unaotia weusi juu ya hina. Nami nikaona nafasi. Nilikuwa nimesikia wakisema tangu jana, "Eda imekwisha, Mwanaidi yu huru." Kama mama yu huru, na baba je? Bado kafungiwa? Nikanyata hadi kwenye kioo, nikashika pindo la kanga, nikaiinua.

"Baba, toka," nikasema. "Imekwisha."

Baba hakuwapo. Mle ndani alikuwapo mwanamke amekaa nyuma yangu, na kichwa chake kinawaka moto. Mnajua hina inavyofanya juu ya mvi: palipokuwa peupe pamekuwa pekundu, palipokuwa peusi pamebaki, na jua la dirishani limepiga humo. Mimi nikaona ndimi za moto na makaa. Nikaona jivu lote lile limeshika moto.

Nilitoka mbio mpaka barabarani. "Mama anaungua! Mama anaungua kichwa!"

Mbele ya nyumba wazee walikuwa wanacheza bao. Mzee Athumani akaruka, kete zikamwagika, akanyakua debe la maji kwa mkono mmoja, wa pili kashika kikoi kisimwache. Wengine nyuma yake. Walipofika mlangoni wakamkuta Somo Kibibi kasimama katikati, mikono myeusi ya nili hadi viwikoni.

"Mnakwenda wapi?"

"Mtoto kasema kuna moto!"

"Moto uko vichwani mwenu. Humu kuna hina. Rudini na maji yenu mkanywe."

Wakarudi, wanacheka wenyewe kwa wenyewe. Lakini Bi Tatu wa nyumba ya pili alikuwa ameshapenya chumbani. Akamtazama mama, akagonga viganja vyake. "Mtoto hakukosea. Mwanaidi, umekuwa jiko la mkaa! Hao uliotaka wakuone, watakuona kutoka stesheni."

Mama akanyoosha mkono kwenye kilemba. "Basi, Somo," akasema. "Nifungie. Nitakaa ndani, nimeshazoea."

Mimi nililisikia lile neno, ingawa sikulielewa mpaka nilipokuwa mjane mwenyewe. Alikuwa anarudi eda kwa hiari yake, na safari hii isingekuwa na mwisho.

Somo Kibibi akamnyang'anya kilemba. "Nusu ya kazi haina uso, Mwanaidi. Ndiyo maana kioo tukakifunika. Kaa." Halafu akanigeukia mimi, nikadhani sasa nakomeshwa. Akaishusha kanga, akanipa mapindo yake mawili nishike. "Wewe uliyefunua, wewe utalinda. Mtu asikione kioo hiki mpaka niseme."

Nikasimama pale nimebana mapindo kama askari wa benki. Bi Tatu akataka kujiweka sawa shela yake, nikamkatalia. "Hata mimi?" "Hata wewe." Somo Kibibi akapaka nili shungi kwa shungi la nywele, akafunga kichwa kwa jani la mgomba, wanawake wakanywa kahawa, jua likahama dirishani, miguu yangu ikafa ganzi. Wakaosha, wakafuta, wakapaka mafuta ya nazi yenye asumini. Ndipo nikasikia, "Haya, askari. Funua."

Niliogopa. Nilifumba macho nikavuta kanga ikaanguka.

Halafu kikaanza chini chini, kama maji yanayotaka kuchemka, mara kikajaa chumba kizima: kicheko cha mama. Nikafumbua macho. Kichwa chake cheusi kinang'aa kama zambarau mbivu, na amejishika mbavu, anacheka na yule mwanamke wa kwenye kioo kama watu waliopoteana zamani. Huko nje kwenye bao nikamsikia Mzee Athumani akisema, "Alhamdulillahi." Nilichungulia mle ndani kila pembe kumtafuta baba. Palikuwa na mbao zake na misumari yake, basi. Nami nikajua kitu ambacho sikuweza kumwambia mtu, maneno yake sikuwa nayo: aliyekuwa amefungiwa mle muda wote ule hakuwa baba. Alikuwa mama.

Zulfa alikuwa ameshakaa kiti kizima. "Na baba yako, Bibi?"

"Alikuwa makaburini, mjukuu wangu, walikompeleka. Nipe simu."

Akanipa. Nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu, mafundo mawili, nikaikalia. Thandeka akaelewa bila kufasiriwa, akaleta na yake. Mama Furaha akachukua taulo akalitupa juu ya kioo cha saluni. "Voilà," akasema. "Saluni yangu sasa ni kwa Somo Kibibi."

Akapaka kahawia. Akaanza palipo peusi na pakavu, akaacha penye ngozi mpaka mwisho, maana joto la kichwa lile lililoharibu, safari hii alilifanyia ujanja. Zulfa kila mara: "Bado?" Mama Furaha: "Bado." "Bibi, angalia wewe tu, uniambie." "Mimi askari, siambii mtu." Akaosha, akatia mafuta ya moto na mvuke, akakausha, akapunguza ncha zilizochoka. Halafu akanitikisia kichwa. Nikasimama, nikavuta taulo.

Mmepata kuona mbegu ya ukwaju iliyosuguliwa? Ile kahawia nzito, inayong'aa, na ukiigeuza juani chini yake kuna wekundu unaochungulia? Ndiyo hiyo. Kutoka ngozini hadi nchani, moja. Kile chekundu cha nyanya kilichomliza ndicho sasa kilichokuwa kinang'aa kwa chini. Zulfa akajigusa, akageuka upande, akajigusa tena. "Yho," akasema. Ndio mshangao wao wa Joburg.

Kesho yake ukumbini Kensington, wageni waliingia na matari, Bi Mgeni mbele, lesi ya dhahabu, udi unamtangulia. Wanaimba wimbo wa kutuchoma: tumekuja mbugani, tumekuja kutazama mnyama mwenye mistari. Wetu wakaitikia kwa sauti, lakini macho yao yalikuwa kwangu. Rehema alinibana mkono mpaka bangili zikaniumiza. Zulfa alikuwa amekaa kwenye zulia, kafunikwa kanga ya kijani kichwa hadi magoti, hina ya mikono imeiva vizuri.

Bi Mgeni akasimama juu yake, akatuzungushia macho wote, akaivuta kanga.

Matari yakanyamaza. Zulfa aliinua uso kidogo, nywele zikamwagika begani, taa za ukumbi zikazikuta. Bi Mgeni hakuamini. Akalowesha kidole gumba, akasugua shungi moja la nywele karibu na sikio, akatazama kidole: safi. Akalishika jingine, akalivuta taratibu.

"Vuta, Bi Mgeni," nikasema, nami sauti yangu ikasikika mpaka jikoni. "Vuta uridhike. Wigi halipo, na mnyama wako karudi mbugani!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, hata wenye magari barabarani walipiga honi wakidhani ni mpira. Mama Furaha, tuliyemkalisha mbele kama mkwe, akasimama akacheza peke yake. Thandeka akapiga mluzi wa vidole viwili. Bi Mgeni, tumpe haki yake, ni mwanamke anayejua kushindwa kwa heshima. Akavua mkufu wake mmoja, akamvisha Zulfa, akambusu kipaji cha uso. Kisha akaja kukaa karibu yangu, akajiinamisha kama anayenipa mkono wa pongezi, akauvuta mtandio wake nyuma kidogo tu, nione mimi peke yangu. Karibu na ngozi, mvi tupu. Katikati, wekundu wa kutu. Nyuma, rangi ya masizi.

"Bi mkubwa," akaninong'oneza, "huyo Mkongo wenu, Jumatatu anafungua?"

Alidhani kanong'ona. Zulfa alikuwa kaketi hatua moja kutoka kwetu, na alisikia. Nilimwona akijibana midomo, akajibana, halafu kikaanza chini chini, kama maji yanayotaka kuchemka. Mtoto aliyezaliwa Joburg, ambaye hakupata kumwona Mwanaidi wa Ngamiani hata kwa picha. Kicheko kilekile kikajaa ukumbi mzima. Nami nikajikuta nimeinua macho kutazama ukutani, nione kama misumari iliyoshikilia mapambo ya Rehema bado imenyooka.